Muhtasari Usiocheka

Hakuna kazi niliyoichukia maishani kama kuandika muhtasari wa kikao, na ndiyo kazi iliyonilisha. Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya Lindi mjini mpaka mkataba ulipokwisha, kisha nikabaki nyumbani kwangu Mtanda na kompyuta yangu, nikiviandikia vikundi vya vijijini mihtasari yao. Watu wa kwetu hawasemi kwa zamu. Mmoja akianza habari ya bomba, wa pili anamkumbusha kisima cha zamani, wa tatu anauliza msiba wa juzi ulikwendaje, na wa nne, ambaye hajafungua kinywa tangu asubuhi, ananyanyuka na kusema, "Naunga mkono hoja." Ukimuuliza hoja gani, anakununia. Na mimi ndiye niliyetakiwa kuandika yote hayo, kwa mkono unaouma kuanzia kifundoni hadi begani, halafu nirudi nyumbani nikayachape.

Kikundi kilichonichosha kuliko vyote, na ambacho nilikipenda kuliko vyote, kilikuwa jumuiya ya watumia maji ya kijiji kimoja kilichopita kidogo Mchinga. Walikuwa na kisima kirefu, pampu ya sola na vituo vya kuchotea. Ofisi ya mradi uliowajengea ilitaka kila baada ya kikao ipelekewe muhtasari: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini. Nilipokuwa nikiandika kwa mkono, muhtasari ulifika wakati kikao kingine kinaitishwa, na kila mtu ameshasahau alichosema. Nikisoma mbele yao, wananikana mchana kweupe. "Mie sikusema hivyo, mama. Labda ulisikia redio." Siku nyingine nilifunga daftari kwa hasira nikatoka nje kupunga upepo, na walipoona sirudi wakanituma mtu na kikombe cha uji.

Nilivyojifunza kuiachia mashine kazi hiyo, sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za mtandaoni na kwa ukaidi wangu. Simu inarekodi kikao. Programu moja inasikiliza sauti na kuigeuza maandishi. Akili mnemba inayasoma yale maandishi, inachambua maazimio na kuyapanga. Kisha muhtasari unakwenda wenyewe kwenye kundi la WhatsApp la wanajumuiya na kwenye barua pepe ya ofisi ya mradi. Kila kimoja peke yake ni kitu chepesi. Kuviunganisha ndiko kulikonitoa jasho, maana hiki kikisema kile hakisikii, na kile kikisikia hiki kimeshalala. Nilivitukana vyote kwa Kiswahili na kwa Kimwera cha bibi yangu.

Siku vilipokubali kushikana mikono, nilikuwa nimevijaribu kwa kurekodi ugomvi wangu mwenyewe. Mbuzi wa jirani walikuwa wamemaliza mchicha wangu, nami nilisimama barazani nikasema yangu yote, habari ya mbuzi, habari ya jirani, habari ya malezi. Baada ya muda mfupi simu ikalia. Nikafungua, nikakuta: "Azimio: mbuzi wafungwe. Mhusika: jirani. Muda wa utekelezaji: leo." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maneno yote yale ya hasira yamekuwa mstari mmoja wa serikali. Sikujua kwamba ningekuja kuikumbuka siku hiyo bila kucheka.

Kikao cha kwanza kwa njia hiyo kilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Niliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya watu, nikakaa mikono mapajani kama mgeni wa arusi. Sijawahi kukaa kikaoni hivyo. Niliwasikiliza watu! Niligundua kwamba mwenyekiti, mzee mmoja mpole wa kabila la Kimachinga, anasema mambo ya maana sana, ila anayasema mwishoni watu wakishachoka. Kabla wanawake hawajakunja mikeka, simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, muhtasari umefika. Mwenyekiti alisoma, akavua miwani, akasoma tena. "Ndiyo haya tuliyosema," akasema. Nilirudi Mtanda siku hiyo mkono hauumi. Nilifarijika mpaka nikaona haya, mtu mzima kufurahia kitu kidogo namna ile.

Kulikuwa na mahali pa kuweka alama, programu iondoe kelele. Nikaweka. Ukumbi ule una kuku wanaoingia na kutoka, watoto wanaolilia titi, wazee wenye kifua. Kikohozi, kuku, mtoto, kicheko, vyote vikaondolewa, yakabaki maneno matupu. Niliona nimewatendea wema.

Jambo lingine waliliamua wao. Katibu aliyenitangulia alikuwa hodari wa kupunguza na kuongeza. Mtu akisoma muhtasari wake anajiuliza kama na yeye alikuwepo. Basi wanajumuiya walisema kwamba kuanzia sasa muhtasari utoke kwenye mashine uende moja kwa moja, asipitie mtu katikati. Nilisema si vibaya mimi nikiutupia jicho kwanza. Mwenyekiti akanitazama kwa upole. "Mama, hatusemi weye utatia mkono. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wacha yaende kama yalivyo." Wakanyoosha mikono, ikapita.

Sasa niwaeleze habari za watu wawili, maana kisa chote ni chao.

Wa kwanza ni mwendesha pampu. Ni Mngoni wa upande wa Songea, mtu wa makamo, alikuja na kampuni iliyochimba kisima cha zamani, wenzake wakaondoka yeye akabaki kwa sababu ya mwanamke. Waliishi vizuri, wakazaa, watoto wakakua wakahamia Dar es Salaam kutafuta maisha. Kisha mkewe akafariki. Ndugu zake walimwambia arudi kwao, akakataa. Alikuwa na chumba kimoja, ufunguo wa nyumba ya pampu na spana aliyoifunga kiunoni kwa kamba ya mnazi. Pale kijijini hakuwa na ndugu hata mmoja wa damu.

Wa pili ni bibi mmoja wa Kimwera, mjumbe wa jumuiya anayesimamia kituo cha kuchotea cha sokoni. Umri wake ni wa mama yangu, na mdomo wake hauna breki. Wangoni na Wamwera ni watani tangu mapigano ya mababu, na bibi yule aliuchukua utani huo kama kazi aliyoajiriwa. Tangu Mngoni alipotia mguu kijijini hakumpa siku ya kupumua. Na mtani hakasiriki, mwenye kukasirika ndiye aliyeshindwa. Msiba wa mkewe ulipotokea, mwanamume yule alikaa chini hasemi, hali, hatazamani na mtu. Bibi akaingia chumbani mwake, akatoka amevaa koti lake na mabuti yake, kamba ya mnazi kiunoni, spana inaning'inia, akaanza kupita mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa Mngoni yule yule, akigonga kila nguzo na kusema, "Hapa panavuja! Na hapa panavuja!" Mwenyewe alimtazama, akacheka, halafu ndipo akalia. Baadaye aliniambia kwamba ndiyo siku aliyoamua asiondoke.

Basi kikao chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa. Walizungumza habari ya bomba la kituo cha juu, na ratiba ya kusafisha tangi. Mwenyekiti akauliza kama kuna jingine. Bibi akanyanyuka, akajifunga kanga upya.

"Mwenyekiti, mie nna hoja nzito. Babu zake huyu walikuja na mikuki wakala mtama wetu. Yeye kaja na spana, anakunywa maji yetu. Kila pampu ikizima, jua halijatua, mjue kashakunywa kisima kizima. Afukuzwe! Funguo nipewe mie."

"Naunga mkono!" wakapiga kelele watu, nyuma na mbele.

Mngoni akasimama, akaweka mkono kifuani kama yuko mahakamani. "Mwenyekiti, nakiri kosa. Pampu nimeshaiuza. Na nimemnunulia sanda bibi huyu, maana naona safari yake inachelewa na sisi tuna kazi."

Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti, mpole yule, akajitia ukali. "Wanaotaka afukuzwe wanyooshe mikono." Ukumbi mzima ukanyoosha. Na mimi nikanyoosha, tena mikono miwili. Tulicheka mpaka kuku wakatoka wenyewe. Kikao kikafungwa kwa dua, nikaondoka mapema kuwahi gari la Lindi, muhtasari sikuufungua.

Kesho yake nilikuwa barazani nachambua mchele, simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa mradi, kijana wa bara, mwenye adabu na haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mama, muhtasari tumeupata. Aisee, hongereni kwa uwazi. Vikundi vingine wangemficha. Kesho asubuhi nakuja na fundi mwingine, na mtendaji wa kijiji nimeshamwambia asimruhusu yule mzee kutoka. Ishu ya kuuza pampu si ya mchezo."

Nilimuuliza pampu gani. Akanisomea. Nami nikaufungua kwenye simu yangu, nikausoma kwa macho yangu: "Azimio la tatu: Mwendesha pampu amekiri kuuza pampu ya jumuiya. Kikao kimeazimia kwa kauli moja aondolewe kazini. Funguo zikabidhiwe kwa mjumbe wa kituo cha sokoni. Mhusika: ofisi ya mradi. Muda wa utekelezaji: mara moja."

Ungo uliteleza magotini, mchele ukamwagika.

"Baba, ule ni utani," nikasema. "Pampu ipo. Inasukuma maji hivi tunavyozungumza."

"Sasa mbona amekiri?"

"Anamtania mtani wake."

"Na kauli moja je? Imeandikwa kwa kauli moja."

"Ni kweli. Wote tulinyoosha. Hata mimi."

Nilijisikia nilivyokuwa nasikika, mwanamke anayetafuta pa kuponea. "Mama," akasema taratibu, "mimi nimepokea maandishi. Nitakuja nayo hayo hayo." Akakata.

Nilipanda gari la Mchinga saa ile ile, kutoka hapo nikachukua bodaboda, mchele nikauachia kuku wa jirani pamoja na mbuzi wao. Njia nzima nilijitukana na kuitukana mashine. Mtu huyu hana shamba la maana, hana ukoo pale, hana mke. Kuondolewa kwenye pampu ile ni kuondolewa kijijini, na kuondolewa kwa jina la mwizi.

Nilimkuta kwenye nyumba ya pampu, anafuta vumbi kwenye vioo vya sola kwa kitambaa. Juu ya kizingiti alikuwa ameweka funguo, na spana, na ile kamba ya mnazi ameikunja vizuri. Muhtasari ulikuwa umemfikia kwenye kundi kama ulivyowafikia wenzake. Vijana walikuwa wameujibu kwa michoro ya kucheka. Yeye hakujibu kitu.

Nilianza kumweleza habari za mashine, jinsi inavyoondoa kelele, jinsi isivyojua kicheko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Mama, kwani yeye alikuwa anatania?"

"Wewe si ulikuwepo? Si ulimjibu mwenyewe?"

"Nilikuwepo. Kwa masikio ulikuwa utani. Lakini nimesoma kwa macho, nikasoma tena. Mtu mgeni ukisoma hivyo, unajiuliza. Labda miaka yote hii walikuwa wananiambia niondoke, mimi nacheka tu."

Nilihisi uchungu ambao sikuutegemea. Nilikuja nikidhani kazi yake ndiyo inayopotea. Kumbe kuna kitu kikubwa zaidi ya kazi, na hicho hakina ofisi ya kukirudisha.

Nikaenda mbio kwa bibi. Alikuwa anatwanga kisamvu uani, na habari zimeshamfikia, maana mjukuu alimsomea. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha mchi. Nikamwomba jambo moja tu: aende akamwombe radhi yule mtu, na kesho amwambie msimamizi kwamba alikosea.

Mchi ukasimama hewani.

"Mwanangu, wewe umesoma lakini hujalelewa? Utani hauombwi radhi. Siku nikimwomba radhi, nimekubali kwamba nilimtukana. Nitakuwa nimemfanya mtu baki. Bora nife."

"Kwa hiyo tufanyeje, bibi?"

"Nyie mlioleta hiyo ndoo na simu ndiyo mjue." Akarudi kutwanga, lakini mchi ukapiga ukingo wa kinu badala ya kisamvu. Alikuwa ameogopa kuliko mimi.

Nililala kwa mwenyekiti. Usingizi haukunijia sana, ila asubuhi, nikinywa chai, likanijia jambo ambalo lilipaswa kunijia barazani kwangu na mchele wangu. Inayoondoa kelele ni programu ya kuandika. Simu haiondoi kitu. Sauti yenyewe, nzima, na kuku wake, ilikuwa bado imo ndani ya simu yangu.

Msimamizi alifika na gari la ofisi, pamoja na fundi kijana mwenye begi mgongoni. Watu walikuwa wamejaa ukumbini, kimya, kila mtu anatazama miguu yake. Mngoni alikaa peke yake karibu na mlango, funguo mkononi. Bibi alikaa upande wa wanawake, kanga ameivuta mpaka usoni. Kabla msimamizi hajafungua faili lake nikaipindua ile ndoo, nikaweka simu juu, nikasema, "Baba, wewe umesoma. Sasa sikiliza."

Ilianza na kuku. Kisha sauti ya bibi ikisema ana hoja nzito, na tayari kuna watu wanacheka kabla hajaisema, kwa sababu wanajua. Ikaja mikuki na mtama. Ikaja spana. Kila neno lililokuwa kavu kwenye karatasi lilitoka limelowa vicheko. Alipofika pa kunywa kisima kizima, kulikuwa na mtu mmoja anacheka kupita wote, kicheko kinachokatizwa na kikohozi na kuanza upya, kama gari bovu linalokataa kuzimika. Msimamizi alikuwa amekunja uso. Akainua kidole.

"Huyu anayecheka sana hivi ni nani?"

Watu wote wakageuka kutazama mlangoni.

Nilimwona kijana yule akimtazama Mngoni, kisha karatasi yake, kisha simu. Ikafika habari ya sanda. Vigelegele vilipolipuka ndani ya simu, akauma mdomo, akajaribu kukohoa, mwisho akashindwa, akacheka na yeye. "Jamani," akasema, akifuta macho, "kwetu na sisi tuna watani. Mngewarekodi wao, mimi ningekuwa jela." Ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Mtendaji alicheka, mwenyekiti alimshukuru Mungu kwa sauti. Fundi kijana alifurahi kuliko wote, maana hakuwa na hamu ya kuhama mjini. Msimamizi alitoa simu yake, akaiandikia ofisi kwamba azimio la tatu limefutwa, akanionyesha niuone. Nikakaa kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza. Roho ilikuwa imerudi mahali pake. Ningeweza kumbusu kuku.

Mngoni aliinuka, akapeana mkono na msimamizi, akasema asante, akaenda kufungua pampu. Hakumtazama bibi.

Zikapita siku, na kila nilipopiga simu kuuliza hali, mwenyekiti alinijibu mambo ni shwari, maji yanatoka. Kisha bibi mwenyewe akanipigia. Hakusalimu.

"Mwanangu, yule mtu kanipa shikamoo."

"Kakupa nini?"

"Shikamoo! Nimekwenda kuchota, kasimama, kainamisha kichwa, kasema shikamoo bibi. Mie! Mtani wake! Nikamwambia toka hapa, mla mtama. Kasema ndiyo bibi." Nikamsikia akisonya. "Nimekosa nini mie mpaka niheshimiwe hivi?"

Nilijua kwamba kazi imerudi, jina limerudi, na bado kuna kitu kimekaa nje ya mlango.

Upande wa mashine nilirekebisha nilichoweza. Ile alama ya kuondoa kelele niliitoa. Akili mnemba nikaielekeza kwamba wanakijiji hawa wana watani, na kwamba maneno ya watani yawekwe pembeni, chini kabisa, chini ya kichwa kinachoitwa Utani. Na muhtasari hauondoki tena peke yake. Unafika kwangu, mwenyekiti anausoma kwa sauti mbele ya watu wale wale walioyasema, wakikubali ndipo unatumwa. Hakuna aliyepinga safari hii. Haraka haraka haina baraka, alisema mwenyekiti, na mimi nikanyamaza, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na haraka.

Kikao kilichofuata kilikuwa kikavu kama mkate wa juzi. Watu walizungumza kwa zamu! Wakitaka kusema wanaitazama ndoo kwanza. Yale makelele niliyoyachukia miaka yote, siku hiyo niliyatamani. Bomba la kituo cha juu, sawa. Tangi, sawa. Bibi hakusema neno tangu mwanzo. Mwenyekiti akauliza kama kuna jingine, na palikuwa na kimya mpaka nikasikia kuku akikwaruza sakafu.

Mngoni akasimama.

Aliitazama simu, si watu. "Mwenyekiti, naomba iandikwe," akasema. "Mimi nimekaa, nimefikiri. Huyu bibi ni mzee, na sanda niliyomnunulia inaliwa na mende."

Bibi akainua uso.

"Kwa hiyo naomba kazi ya mazishi yake nipewe mimi, asipewe mwanawe wala mkwewe. Akifa, kaburi nitachimba mimi, kwa mikono yangu. Na siku hiyo nitavaa kanga zake zote mbili, nitapita mbele za watu na ndoo yake kichwani, nikigombana na kila mtu kwenye foleni, mpaka aone haya huko aliko arudi. Akirudi, nitamzika tena."

Sijui nani alianza kupiga kigelegele. Najua bibi alikuwa amesimama, machozi yanamtoka, anamnyooshea kidole na kupiga makelele kwamba Mngoni gani anajua kuchimba kaburi, wao si wanazikana kwa kuegemezana kwenye miti, na kwamba yeye hafi, hafi ng'o, mpaka alipwe mtama wake. "Mshenzi wewe!" akasema, na sijawahi kusikia mtu akiitwa mshenzi kwa mapenzi namna ile. Mngoni alikuwa anacheka kile kicheko cha gari bovu. Mwenyekiti aliitisha kura. Mikono ikanyooshwa.

Tulisubiri muhtasari palepale, wote. Simu ilipolia nikampa mwenyekiti, akavaa miwani, akasoma habari ya bomba na habari ya tangi. Kisha akasita. Kichwa cha Utani kilikuwa kitupu. Mashine ilikuwa imeliweka jambo lile juu, pamoja na maazimio halisi.

"Azimio la tatu," akasoma mwenyekiti. "Mwendesha pampu amejitolea kusimamia mazishi ya mjumbe wa kituo cha sokoni, ikiwemo kuchimba kaburi. Kikao kimekubali kwa kauli moja. Mhusika: mwendesha pampu. Muda wa utekelezaji: haujapangwa."

Nilinyoosha mkono kuichukua simu. "Imekosea tena. Nitaishusha chini."

"Iache," akasema bibi.

Mwenyekiti akairudisha simu kifuani kwake.

"Hapo haijakosea. Iache hivyo hivyo." Akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Ila hapo pa mwisho, soma tena."

"Muda wa utekelezaji: haujapangwa," akasoma mwenyekiti.

"Alhamdulillahi," akasema bibi. Akaokota ile ndoo iliyokuwa imebeba simu, akamtupia Mngoni akachote maji.